Jina la Mpasuaji

Wasifu wa kaka yangu uliletwa kijijini kwetu Maposeni siku moja kabla ya maziko, umepigwa taipu kwenye karatasi moja yenye mhuri wa hospitali. Dereva aliyeuleta alisema usomwe kama ulivyo, pasiongezwe neno. Nilichaguliwa mimi kuusoma, kwa sababu katika nyumba yetu, ukimtoa marehemu Osmund, aliyefika kidato cha nne ni mimi peke yangu.

Sentensi ya tatu ilisema: "Marehemu alifanya kazi bila kuchoka." Ya nne: "Amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Niliusoma nikiwa stoo, nimekaa juu ya gunia la mahindi, maana nyumba ilijaa watu. Mimi si mtu wa maneno. Hata pale msibani shangazi mmoja aliniuliza kama nimemeza ulimi, kwa kuwa sikulia kwa sauti. Lakini juu ya gunia lile nilihisi hasira ikipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na haijashuka yote hadi leo ninapoandika.

Bila kuchoka! Mimi ndiye niliyekuwa ninamwamsha.

Osmund alikuwa amemaliza chuo cha udaktari. Alibakiza mwaka mmoja wa mafunzo kazini, ambamo daktari mpya hufanya kazi chini ya daktari mkubwa, na mkubwa huyo ndiye humwandikia barua ya kwamba amefaulu. Bila barua ile, miaka yote ya chuo ni bure. Alipangiwa hospitali moja ya mjini Songea. Jina lake siliandiki, wanaoijua wanaijua. Tulipanga chumba Bombambili, yeye na mimi. Asubuhi nilifundisha chekechea, mchana nilipika, na siku aliporudi nilimwamsha ili asichelewe kuondoka tena.

Madaktari wa mafunzo walitakiwa wawe wanne. Walikuja wawili, na mmoja akaondoka baada ya miezi miwili. Akabaki kaka yangu na wodi mbili. Mkubwa wake alikuwa Daktari Pankrasi, bingwa wa upasuaji, mtu wa kwetu kabisa, anayesoma masomo kanisani kwa sauti nzuri. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu madaktari kuwa na zahanati zao, naye alifungua yake mtaa wa Mfaranyaki. Asubuhi alipita wodini kama mtu anayekagua shamba la jirani. Ikifika saa sita, gari lake halipo.

"Na mgonjwa wa kupasuliwa akija mchana?" nilimuuliza Osmund siku moja.

"Ninapasua mimi."

"Si umesema huruhusiwi kupasua bila mkubwa wako?"

Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alicheka bila kufumbua macho.

"Ndiyo maana kwenye daftari ninaandika jina lake. Kuna mstari wa mpasuaji na mstari wa msaidizi. Mpasuaji, Daktari Pankrasi. Msaidizi, mimi. Wote waliotutangulia wameandika hivyo, Fau. Ni heshima."

"Ni uongo."

"Ni uongo wenye barua mwishoni," alisema, kisha akalala hapo hapo, miguu ikiwa majini. Nilimpa dakika ishirini nikamwamsha.

Uchovu wake ulikuwa wa namna ambayo sikuwahi kuiona hata kwa baba msimu wa kulima. Alisinzia tonge likiwa mkononi. Alimsalimia mwenye nyumba shikamoo, akazunguka nyumba kwenda chooni, akarudi akamsalimia tena. Mara moja nilimkuta amesimama nje, paji la uso limegusa ukuta, amelala kama farasi. Alipomwambia Daktari Pankrasi kwamba anaogopa kuua mtu, alijibiwa mbele ya manesi: "Usingizi ni wa wagonjwa, kijana. Sisi enzi zetu tulilala Jumapili kwa Jumapili. Nyie mmezaliwa kwenye magodoro." Manesi wakacheka. Yeye naye akacheka, kwa sababu ya barua.

Sasa nieleze zile siku tatu.

Ilikuwa mwezi Machi mwaka tisini na tano. Ijumaa ile ilikuwa sikukuu ya Idd, na Jumapili yake ikawa ya kwanza ya Kwaresima. Wakubwa wote walipumzika. Osmund aliingia kazini Ijumaa saa moja asubuhi. Jumamosi alfajiri alikuja nyumbani kuoga. Akajilaza kitandani na viatu vyake, akasema, "Dakika tano, Fau." Nilimpa tano. Nilipomtikisa alinishika mkono kama mtoto, akasema, "Tano nyingine." Nikamwambia, "Amka kaka, watakusema." Akaamka. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Hakurudi hadi Jumatatu. Alipofika alinionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Palikuwa na nukta ndogo, kama pa kuchomwa na mwiba.

"Jana saa tisa alasiri," alisema. "Nilikuwa ninashona tumbo la mzee mwenye ngiri. Sindano ikatoka nyuma ya nyama nikaiona, lakini mkono haukusikia. Nilikuwa naona viwili viwili. Glovu zenyewe ni zile zinazofuliwa na kurudiwa, zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu."

"Na huyo mzee ana nini?"

"Macho yake ni ya njano."

Alikuwa ameshamwambia Daktari Pankrasi, akaomba tukio liandikwe kwenye daftari la ajali kazini. Daktari Pankrasi akamwambia apake spiriti. Kila mpasuaji hujichoma, alisema, halafu kwenye daftari mpasuaji wa siku ile si wewe, utaandikaje kwamba ulikuwa unashona?

Mwezi wa tano, wakati baba anaanza kuvuna mahindi, macho ya kaka yangu yaligeuka njano. Siku kumi na moja baadaye alikuwa amefariki. Homa ya ini. Wiki ya mwisho alikonda hadi pete ya ukumbusho wa shule ikamdondoka kidoleni.

Watu walipomwona amekonda vile, hawakuuliza ni nini. Walishajua, yaani walijipa jibu wenyewe. Wanaume watatu wa jumuiya waliouosha mwili wake walivaa mifuko ya nailoni mikononi, wakaifunga kwa kamba ya mgomba kwenye vifundo. Mama aliwaona. Mama Asumpta, jirani yetu aliyekuwa akichota togwa kwenye mtungi wetu tangu sijazaliwa, alikuja msibani na kikombe chake kutoka kwake, amekifunga kwenye kanga. Wanawake wengine wakafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyegusa vikombe vyetu.

Siku ileile ya wasifu, mama alinifuata stoo. Alifunga mlango.

"Fausta. Niambie kweli, wewe ulikaa naye. Mwanangu alikuwa anatembea hovyo huko mjini?"

"Hapana, mama."

"Hata kama ndivyo, nitamlilia vilevile. Niambie tu, nijue ninalia nini."

Nilimwambia habari ya sindano. Alinisikiliza, akaitazama ile karatasi yenye mhuri ambayo hawezi kuisoma.

"Humo imeandikwa?"

"Haimo."

"Basi wataamini vikombe vyao," alisema, akatoka.

Swalehe, mfanyabiashara wa Tunduru anayeishi mjini, alikuwa amekuja na pikapu kutoa pole, maana kila mwaka hununua mahindi ya baba. Nilimwomba anifikishe Songea na kunirudisha kabla ya jioni. Nilitaka kitu kimoja tu: hospitali iongeze mstari mmoja kwenye wasifu, kwamba kaka yangu aliugua kwa kuchomwa na sindano akiwa kazini.

Daktari Pankrasi alinipokea vizuri. Aliagiza niletewe chai. Nilipomweleza, alitikisa kichwa kwa huruma kama ninavyomtikisia mtoto wa chekechea aliyejikojolea.

"Binti yangu, una uchungu, nami nina uchungu. Lakini hospitali inaandika kilichopo kwenye kumbukumbu." Akamtuma mhudumu alete daftari la chumba cha upasuaji. Akalifungua kwenye Machi, akaligeuza upande wangu. "Umesoma, siyo? Haya, soma. Jumapili tarehe tano, saa nane mchana, ngiri. Mpasuaji nani?"

Mwandiko ulikuwa wa Osmund. Ile K yake yenye mkia mrefu. Nilikuwa sijauona tangu afariki, na macho yangu yalitaka kufanya mambo nisiyoyataka mbele ya yule mtu.

"Daktari Pankrasi," nilisoma.

"Na hii ya asubuhi, saa mbili?"

"Daktari Pankrasi."

"Jumamosi saa kumi alasiri? Jumamosi saa nne asubuhi? Mimi, mimi. Kaka yako alikuwa ananishikia vifaa. Sasa anayeshika vifaa atachomwaje na sindano ya kushonea?" Alilainisha sauti. "Vijana wana mambo yao, Fausta. Tumsitiri marehemu. Kwenye wasifu nimemsitiri."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sentensi ya nne ilikuwa zawadi yake kwetu.

Nikatoa daftari langu la chekechea kwenye mkoba. "Naomba ninakili hizi tarehe na saa, Daktari. Nikamwonyeshe mama."

Alicheka kidogo. "Nakili. Uandike vizuri, usije ukamkosea mama yako."

Niliandika vizuri. Mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa kubwa. Majina ya wagonjwa sikuyaandika, hayanihusu. Niliandika siku, saa, na jina la mpasuaji, mistari minne.

Kwenye korido alinifuata nesi Judica, mwenyeji wa Same, aliyekuwa kazini siku ile ya ngiri. Alinivuta nyuma ya mlango.

"Mimi ndiye niliyemvua ile glovu," alisema haraka. "Damu ilikuwa ndani. Alikuwa ananiita mama, Fausta, na mimi ni mdogo kwake."

"Utakuja kesho mazikoni useme?"

Alitazama viatu vyake. "Nina watoto wawili na sina ndugu mkoa huu. Nisamehe."

Sikumsamehe siku ile. Nilipita bila kumuaga.

Tukiwa njiani kurudi, Swalehe aliniona nimeshika daftari mapajani, akaniuliza nimepata nilichofuata. Nikamsomea ile mistari, kwa hasira tu, kama mtu anayetema. Nilipofika mstari wa pili alikanyaga breki.

"Jumamosi gani hiyo?"

"Tarehe nne Machi. Saa kumi alasiri."

"Iliyofuata Idd?"

"Hiyo hiyo."

"Wallahi si kweli. Idd pili ile mwanangu alipandwa na homa kwa kula vitu vya barabarani. Nilikuwa Mfaranyaki kwa Daktari Pankrasi kuanzia saa tisa. Amemchoma sindano kwa mkono wake. Nimeondoka pale adhana ya magharibi inalia, na yeye bado yupo, foleni imefika nje." Akanitazama. "Mtu mmoja atakuwaje mahali pawili?"

Nilikuwa nimeangalia mstari wa tatu. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, saa mbili asubuhi. Osmund alikuwa akipasua tumbo la mtu, na mimi nilikuwa kanisani, benchi la nne. Somo la kwanza lilisomwa kwa ile sauti nzuri. Mimi mwenyewe nilimsikia.

Kesho yake jeneza lilitolewa uani. Watu walikuwa wengi, kwaya ilitoka mjini, na Daktari Pankrasi alikaa mstari wa mbele kwenye kiti chenye mto, karibu na Padre Leo. Mama alikaa mkekani. Nilipoitwa kusoma wasifu, nilikwenda nikasimama karibu na jeneza.

Nilisoma tarehe ya kuzaliwa na shule alizosoma. Nikafika sentensi ya tatu. "Marehemu alifanya kazi bila kuchoka." Nikasimama hapo.

"Hii si kweli," nikasema. "Kaka yangu alichoka. Alichoka mpaka akasinzia na tonge mkononi. Mimi nilimwamsha, kwa hiyo ninajua."

Watu wakanyanyua vichwa. Nikakunja karatasi yenye mhuri, nikafungua daftari la chekechea.

"Hapa nimenakili daftari la chumba cha upasuaji. Aliyeniruhusu kunakili yupo hapa. Jumamosi, Idd pili, saa kumi alasiri. Mpasuaji, Daktari Pankrasi."

Nilimtazama Swalehe. Alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na pikapu, kofia mkononi. Niliogopa kwamba naye atatazama viatu vyake.

"Saa hiyo alikuwa kwake Mfaranyaki," Swalehe alisema kwa sauti kubwa. "Anamtibu mwanangu. Namshukuru kwa hilo. Lakini alikuwa kwake."

"Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, saa mbili asubuhi," nikaendelea. "Mpasuaji, Daktari Pankrasi."

Mama mmoja wa kwaya akadakia kabla sijafunga mdomo. "Saa mbili? Si alisoma somo la kwanza! Tena alivaa lile koti la kijivu!"

"Alisoma," wakasema wengine. "Alisoma huyu, hata mimi nilikuwepo."

"Jumapili hiyo hiyo, saa nane mchana. Mpasuaji, Daktari Pankrasi."

Mzee Henry, katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa la mjini, mtu mwenye kupenda usahihi kuliko kupenda amani, alikohoa. "Saa nane tulikuwa na kikao. Mwenyekiti alikuwa Daktari. Tulifunga saa kumi na robo, muhtasari ninao."

Daktari Pankrasi akasimama. "Padre, huyu binti ana uchungu, hajui anachosema. Hapa ni mazikoni."

Padre Leo akaniangalia kwa macho ya kusihi. "Fausta, mwanangu, pengine inatosha."

Ndipo mama aliposema kutoka mkekani, kwa Kingoni, bila kuinua kichwa: "Mwacheni amalize kumzika kaka yake."

Nikamaliza. Nilisema kwamba aliyepasua saa zile zote alikuwa Osmund, peke yake, tangu Ijumaa saa moja asubuhi. Nilisema Jumapili saa tisa, akiwa anashona mgonjwa ambaye si wake, kwenye zamu ambayo si yake, kwa jina ambalo si lake, mkono ulikufa ganzi kwa usingizi na sindano ikamwingia kidoleni. Ugonjwa ulipita hapo. "Na hata kama ungekuwa ule mnaoufikiria," nikasema, "msingemwosha kwa mifuko. Aliwashika ninyi kwa mikono yake."

Daktari Pankrasi aliondoka kabla ya udongo. Gari lilikwama kidogo kwenye matuta ya baba, na vijana hawakwenda kulisukuma.

Baada ya maziko wanawake walirudi uani. Mama Asumpta alisimama kwa mama muda mrefu, kikombe chake kwenye kanga. Kisha akachukua kikombe cha bati cha mama, kile kile alichokuwa ananywea, akachota togwa akanywa yote. Hakusema pole. Mama akampokea kikombe, akachota na yeye akanywa. Usiku ule ndipo niliposikia mama akilia kwa sauti.

Ningependa kuandika kwamba Daktari Pankrasi aliulizwa. Hakuulizwa. Ilikuja barua ya kwamba suala linashughulikiwa. Zahanati yake ipo, imeongezwa chumba. Kanisani wamempumzisha kusoma masomo, hiyo ndiyo adhabu yote aliyopata, na ilitolewa na mama wa kwaya.

Mwezi wa saba nilikwenda hospitali kuchukua koti la Osmund lililobaki kwenye kabati. Nesi Judica ndiye aliyenipa, amelifua na kulipiga pasi. Safari hii nilimuaga. Nikitoka, nje ya chumba cha upasuaji nilimkuta kijana amesimama, paji la uso limegusa ukuta. Alikuwa daktari mpya wa mafunzo, jina lake Remmy. Alishtuka aliposikia hatua zangu, akaniamkia shikamoo, mimi ambaye ni rika lake.

"Umepasua leo?" nilimuuliza.

"Wawili."

"Kwenye daftari umeandika jina la nani?"

Alitazama huku na huku. "Dada, wewe unajua mambo haya. Nikiandika langu, barua sipewi. Sitamaliza."

Nilimwonyesha koti, upande wa kifua palipodariziwa jina.

"Na huyu hakumaliza," nikamwambia. "Rudi ndani, uandike lako."